Udongo wa Ncha ya Dunia Katika Stoo Yangu ya Samaki

Mimi nimeogopa vitu vichache maishani, na nikisema hivyo najisifu, kwa sababu haki ya kujisifu nnayo. Nilitoka Unguja kijana, darasa la nne sikulimaliza, nikaingia Maskati na kanzu moja mwilini na nyengine mkononi. Nimebeba samaki kichwani sokoni Matrah mpaka nywele za utosini zikakatika. Sikumwogopa tajiri, sikuiogopa bahari, wala sikuwajali waliokuwa wakikicheka Kiarabu changu. Lakini uzeeni niliogopa sanduku la udongo. Niliogopa vibaya, na khofu yenyewe haijanitoka mpaka leo, ingawa sanduku halipo tena kwangu.

Baridi niliijua kwa mikono. Fundi mmoja wa Kihindi wa mashine za barafu alinichukua nimshikie spana, nikamshikia mpaka nikajua kompresa inapokohoa inakohoa nini. Hakunifundisha kwa kitabu, na angenifundisha kwa kitabu nisingejua hata leo. Alinipa maneno mawili nikaishi nayo. La kwanza: baridi haiui, baridi inalaza. La pili: umeme ukikatika, mlango wa stoo haufunguliwi, hata akija mama yako mzazi.

Na alinipa chupa ya shahidi. Unachukua chupa ya plastiki, unatia maji nusu, unaigandisha imesimama wima. Barafu inakaa chini, juu patupu. Ikishaganda unailaza ubavu ndani ya stoo na kuiacha. Baridi isipovunjika, barafu itabaki pale pale kitakoni mwa chupa. Lakini stoo ikiyeyuka hata mara moja, maji yanalala ubavuni, na ikiganda tena yanagandia ubavuni. Samaki aliyeyeyuka akaganda tena anaweza kukudanganya kwa macho. Chupa haidanganyi. Mimi kila stoo niliyoitengeneza niliiwekea shahidi wake, na kila asubuhi namtazama kabla sijatazama kitu chengine.

Khofu ya mwanzo niliipata mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mfanyabiashara mmoja wa nyama alisafiri katikati ya joto, mashine yake ikafa nyuma yake, na aliporudi aliniita nikamtengenezee. Nilisema, fungua tuone. Akafungua. Uvundo nilikuwa nauzoea, mimi mtu wa samaki. Sikuzoea ile hewa. Ilinipiga usoni ina joto, kama pumzi ya mtu mwenye homa. Stoo ya baridi inatoa joto! Mabokisi yalikuwa yamevimba, mifuko imejaa kama matumbo, na ukinyamaza unasikia vitu vinatoboka taratibu, pu, pu. Hapana mtu mle ndani, hapana paka, hapana panya, lakini pamejaa. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Mwenye nyama akadhani nimekasirika.

Siku ile ndipo nilipofahamu neno la fundi wangu. Kama baridi inalaza, basi kuna wenye kulala. Nimekuwa miaka yote nafunga mlango juu ya waliolala, na mimi sikujua nawafungia kina nani.

Binti yangu wa mwisho alikulia kwenye mlango wa stoo. Wakati ule nilikuwa nimeshajenga stoo yangu mwenyewe, nyuma ya soko la Matrah, na vyumba juu yake. Nilikuwa na nyumba pia Khuwair ya Kusini, nzuri, ya bustani, lakini tukawaachia watoto wakubwa, sisi tukabaki juu ya samaki wetu. Mtoto huyu akitoka skuli anashuka chini, anakwangua barafu ya mlangoni kwa kucha, anaitazama inavyokufa kiganjani. Mama yake akimpigia kelele kwamba atanuka samaki hakuna atakayemuoa, anajibu, "Nitaolewa na muuza samaki." Nikicheka nagombezwa mimi.

Akasoma. Mimi sijui amesoma nini na nini, nilikuwa nikiulizwa nasema, "Anasoma wadudu." Akenda nchi za baridi, akakaa huko, na siku moja akapiga simu. Nikasikia upepo ndani ya simu.

"Baba, wiki ijayo nasafiri. Tunakwenda kaskazini kabisa, kwenye visiwa vya karibu na ncha ya dunia."

"Mnafuata nini?"

"Udongo."

"Udongo huku umekwisha?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza kuna nini huko zaidi ya udongo. Akasema kuna barafu, kuna mawe, na kuna dubu weupe lakini mmoja katika wasafiri wenzake hukaa na bunduki muda wote. Ati hilo aliliona la kunituliza. Alipokata simu nilishuka stooni nikafungua mlango nikasimama ndani na fulana yangu mpaka meno yakagongana, nipime mwanangu anakwenda wapi. Mke wangu alinikuta humo. Alisema, "Kama unataka kufa, niage kwanza."

Alirudi salama. Baada ya miaka akarudi Maskati moja kwa moja, akawa anafundisha kwenye chuo kimoja, na udongo wake ukamfuata kwa ndege ndani ya barafu kavu. Aliugawa na mwalimu wake wa kule: nusu yake, nusu ya mwalimu, kutoka shimo moja. Kazi yake yote ya miaka ile ilikuwa ndani ya ule udongo. Kisha jengo lao pale chuoni likaingia matengenezo, friza zao zikawa za kuhamahama, na yeye hakuziamini. Mwezi wa Mei, mwaka wa tufani kubwa, akaja kwangu na sanduku la povu gumu, la kuhifadhia baridi.

Kabla hajanifikia mimi alikutana na mama yake ngazini.

"Nini hicho?"

"Udongo, mama. Wa kazini."

"Udongo uliofungwa hauingii nyumbani kwa kheri. Kwetu ukiukuta udongo chini ya kizingiti unajua yupo mtu hakupendi."

"Mama, huu umetoka mahali hapana hata watu."

"Hiyo ndiyo khofu yenyewe," mke wangu akasema, akapita kando ubavu ubavu, nguo zake zisiliguse sanduku.

Nilitaka kucheka, na sikuweza, kwa sababu na mimi sikulitaka. Nilifungua kidogo nikachungulia. Mifuko bapa bapa, imeandikwa kalamu, na ndani udongo mweusi umeganda kama vipande vya halwa ya jana. Hauna harufu, hauna kitu. Nikamkumbuka yule mwenye nyama. Nikamuuliza binti yangu, "Wamo?"

"Wamo, baba."

"Hai?"

"Wengi hai."

Nikamwambia njoo tunywe chai kwanza. Tulikaa pale mlangoni, kwenye kiti changu na kreti lake, na nikamwambia, niambie ukweli, usiniambie ya kumtuliza mzee. Nna samaki wa watu humu, nna wajukuu juu. Hawa wadudu wako wakiamka watafanya nini?

"Hawa si wa kukudhuru, baba. Hao ninaowajua mimi hawakujui wala hawakutaki."

"Wanataka nini?"

"Kula."

"Kula nini? Barafu?"

Akanielekeza kwa mikono. Kule, chini ya udongo wa juu, upo udongo ulioganda tangu enzi na enzi. Ndani yake mna majani, mizizi, manyasi, yamekufa na baridi ikayawahi kabla hayajaoza. Bakteria wamo humo humo, ubavuni mwa chakula chao, wamefungwa midomo. Wengine wamelala kabisa. Wengine wanaishi kidogo kidogo, kama mtu aliyefunga saumu isiyokuwa na magharibi.

"Sasa dunia inazidi joto," akasema, "na kule joto linazidi haraka kuliko hapa. Kila kiangazi udongo unayeyuka chini zaidi."

"Magharibi imeadhiniwa."

"Umefahamu, baba."

"Na wote wanaamka, wanakula?"

"Hapo ndipo kazi yangu. Si wote. Kuna wazoefu wa baridi, joto likija wanashindwa, wanapungua. Kuna waliokuwa wachache, wanyonge, huwaoni hata ukiwatafuta. Maji yakipita na joto likaingia, wao ndio wanashika nyumba. Na kuna ambao hawauliwi na baridi wala joto, wanauliwa na kuyeyuka na kuganda, kuyeyuka na kuganda."

"Kama samaki wangu wa nguru."

"Kama nguru. Na wanaokula wanapumua, baba. Ile pumzi yao inapanda juu, inazidisha joto, joto linayeyusha udongo mwengine, na wengine wanaamka."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikamwambia, "Basi hiyo ni stoo."

"Ni stoo."

"Na mlango wake unaachia."

"Unaachia."

"Fundi wake nani?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akawa anazungusha kijiko ndani ya chai isiyokuwa na sukari ya kukoroga.

Nikaliweka sanduku lake rafu ya ndani kabisa, mbali na mlango, na nikaweka chupa ya shahidi juu yake. Tangu siku ile sikuingia tena stooni kwa raha. Nilikuwa nikiwapa samaki mgongo nautazama ule udongo. Nilijua hauniumizi, nimeambiwa na mtu ninayemwamini kuliko daktari. Lakini kujua ni kitu kimoja na utumbo ni kitu chengine. Nilikuwa naona mlango mkubwa, mkubwa kama nchi, na mpira wake wa pembeni umechakaa, na mle ndani hewa inaanza kupata joto.

Tufani likaja Juni. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwepo hawataamini. Upepo ulipasua vibao vya maduka, bahari ikapanda barabarani, na maji ya milimani yakashuka kwa njia za wadi, yale mabonde makavu, yakichukua magari kama ndala. Stoo yangu iko juu kidogo ya uchochoro, maji yalifika kizingitini yakasimama. Binti yangu alikuwa kwetu, alikuja kututazama upepo ulipoanza, akafungwa na njia. Umeme ukakatika. Nikawasha jenereta yangu, nikamwambia mke wangu, "Unasikia? Hiyo inaitwa akili." Mimi ndimi niliyeinunua wakati wenzangu wakinicheka.

Jenereta nzuri, lakini haili akili, inakula dizeli. Barabara ya kwendea kituoni imekatika, na aliyekuwa na dizeli yake hakuuzii. Jenereta ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza. Sijapata kusikia unyamavu kama ule. Feni za ndani zilizunguka kidogo kwa mazoea, kisha nazo zikasimama. Nikachukua kiti changu nikakiweka mgongo kwa mlango wa stoo, nikakaa. Binti yangu akavuta kreti, akakaa pembeni yangu. Nje jua lilikuwa limeshatoka, joto la Juni juu ya tope.

"Stoo itahimili muda gani?" akaniuliza.

"Mlango ukifungwa, siku kadhaa. Samaki wenyewe ni barafu. Ukifunguliwa, sijui."

Akashika mpira wa mlango kwa vidole, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa.

Juu kwetu palikuwa pameshajaa. Nyumba za chini uchochoroni ziliingia maji mpaka madirishani, wanawake na watoto wakapanda ngazi zetu na godoro zao zilizolowa. Mke wangu aliwapikia alichokuwa nacho, wali ukaisha, unga ukaisha. Akashuka.

"Baba watoto, fungua."

"Haufunguliwi."

"Nna watoto juu wamekula tende tangu jana."

"Tende ni chakula cha Mitume."

"Mitume hawakukaa na tani za samaki chini ya miguu yao!"

Hapo ndipo alipotokea mpishi Mkenya. Huyu alikuwa akipikia nyumba moja ya wafanyakazi uchochoro wa pili, jamaa mnene, Mkristo mwema, tulizoeana kwa sababu alikuwa akinunua vichwa vya jodari kwangu. Suruali ameikunja mpaka magotini, na tope mpaka kidevuni.

"Mzee, habari ya leo? Niko na vijana wengi pale, wamekaa bila kitu kwa tumbo. Nina makaa, nina chumvi, nina sufuria kubwa ya kupikia harusi. Kitu sina ni samaki."

"Umeme ukirudi."

"Umeme hata haijulikani uko wapi. Si utufungulie tu, mzee?"

Nikamweleza kwamba ndani mna kitu cha binti yangu. Akauliza ni nini. Nikamwambia. Akanitazama, akamtazama binti yangu, akakitazama kiti changu.

"Mchanga," akasema.

"Udongo."

"Mzee, nisaidie nielewe. Watu wako na njaa na wewe umekalia kiti unalinda udongo isiyeyuke?"

"Una wadudu ndani yake."

"Ooh," akasema. "Basi hao wakiamka watakula nini, na samaki umetunyima sisi?"

Mke wangu, pamoja na dhiki yote, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikusogea. Sikuwa nalinda kazi ya mwanangu peke yake, na nnasema hili kwa sababu ni kweli: mwili wangu ulikuwa hautaki kufungua mlango uliokuwa unapata joto. Nilikuwa nasubiri ile pumzi ya homa. Nilikuwa na umri wa babu na nilikuwa nimeshikilia mikono ya kiti kama mtoto kwa mtoa jino.

Binti yangu akainuka kwenye kreti lake.

"Fungua, baba."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Miaka yangu mle naijua kuliko wewe. Fungua."

"Mwalimu wako ana nusu yake. Wewe utabaki na nini?"

"Baba." Akaliweka chini neno hilo kama mtu anavyoweka mzigo. "Watoto wanalia juu, nnawasikia. Usinifanye mimi ndiye niliyefunga."

Nikainuka. Niliwapanga mimi mwenyewe, mkono kwa mkono, kutoka mlangoni mpaka ngazini, mke wangu, wanawake wa juu, vijana wa mpishi. Nikasema sitaki maneno, sitaki kuchagua, mtakachopewa ndicho. Nikavuta mkono wa mlango. Ukungu mweupe ukatutokea miguuni, na ulikuwa baridi. Baridi! Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaingia, jambo la kwanza nikalifukia sanduku lake chini ya jodari wakubwa, kushoto, kulia na juu, kama mtu anavyofukiwa kaburini, na chupa ya shahidi nikairudisha ubavu juu ya kifuniko. Kisha tukatoa nguru, tukafunga.

Siku ile Matrah ilinuka samaki wa makaa kuliko ilivyonuka tope. Yule mpishi aliniletea sahani ya kwanza, akasema, "Kula, mzee, kabla wale wengine hawajaamka." Nilikula. Sikuihisi ladha.

Kesho yake wakaja tena, na waliokuja walikuwa wengi zaidi, maana khabari ya chakula haihitaji umeme. Tukafungua tena. Ukungu ulikuwa mwembamba. Siku ya baadaye hapakuwa na ukungu, na sakafu ilikuwa imelowa. Kila tukitoa jodari mmoja namwona binti yangu anamsindikiza kwa macho, kwa sababu kila mmoja alikuwa tofali kwenye ukuta wake. Alipokea, akampa wa pili, akapokea. Tulipofika jodari wa mwisho nikasema huyu hatoki, na mke wangu, ambaye hajapata kukubali neno langu kwa mara moja, akasema, "Hatoki."

Umeme ulirudi asubuhi, ghafla, feni zikanguruma, juu watoto wakapiga mayowe. Binti yangu akakimbilia mlango. Nikamzuia. Nikamwambia tukifungua sasa tunapoteza kidogo kilichobaki, iache mashine ifanye kazi, tutafungua kesho. Alikesha, najua, kwa sababu macho yake asubuhi yalikuwa ya mtu aliyefiwa na bado hajaambiwa.

Tukaingia pamoja. Stoo ilikuwa baridi kama desturi yake, ukutani barafu mpya imeshaanza kuota. Sanduku limeganda. Akalifungua akagusa mfuko wa juu, mgumu kama jiwe. Akageuka, uso mzima unacheka.

"Umeganda, baba! Hauku... tazama, umeganda!"

Mimi nilikuwa nimeshainua ile chupa.

Nilitamani niivunje. Nilitamani niitie ndani ya kanzu, nimwambie alhamdulillahi, umeganda, tukanywe chai. Lakini ningemfundisha nini basi, pale mlangoni, miaka yote ile? Nikaisimamisha mbele yake. Barafu ilikuwa imelala ubavuni, ndefu, kutoka kitakoni mpaka shingoni. Ile barafu iliyosimama kitakoni peke yake haikuwepo tena.

Akaitazama. Aliijua tangu mdogo, hakuhitaji kuelezwa. Kicheko kikamtoka taratibu. Kisha akaushika ule mfuko tena, akauinua kwenye taa, na hapo nikaona nilichokuwa nakiogopa tangu Mei. Mifuko niliipokea bapa. Sasa ilikuwa imevimba. Si sana, kama shavu la mtoto mwenye pipi. Lakini imevimba, yote, mmoja baada ya mwengine, na imegandia hivyo hivyo katika uvimbe wake.

"Hewa," nikasema. "Joto linatanua hewa. Nnajua hilo."

"Nyengine ni hewa," akasema. "Baridi ikirudi hewa hurudi. Huu haukurudi."

"Basi ni nini?"

"Wamekula, baba. Wamepumua."

Nikaangalia ule udongo. Mweusi, mkavu, hauna harufu, hauna jicho. Kwa siku zile chache tu! Tuliposimama pale mlangoni tunapeana nguru na kutaniana na mpishi, wao walikuwa chini ya jodari wanafuturu. Nikajikalisha ghafla kwenye kreti la samaki. Binti yangu akadhani ni moyo, akanishika. Mtu aliyepoteza kazi yake ndiye aliyenishika mimi.

Baadaye aliupeleka chuoni akautazama kwa vyombo vyake, akaulinganisha na ule wa mwalimu wake ambao haukuyeyuka. Alikuja kuniambia mwenyewe, ingawa alijua nitakosa raha. Waliokuwa wengi wamepungua. Waliokuwa wanyonge wamejaa. Akasema lakini huu si ushahidi wa kule, kule hakuna joto la Maskati, kule mambo yanakwenda polepole na kila mahali kivyake, mtu hawezi kusema udongo wote utafanya hivi. Na kwa kazi aliyoitaka yeye, ule udongo haufai tena. Itabidi arudi kuchimba.

Nilijua atasema hivyo. Sikumkataza. Mama yake alimkataza kwa niaba yetu wawili, na hakusikilizwa.

Kabla ya safari akaja stooni, akaniomba kitu.

"Nitengenezee shahidi, baba. Wa kule."

"Huko hamna vipimo?"

"Vipo, vya betri, vinaandika kila saa. Lakini nataka na chako. Nitakigandisha kwenye friza ya kambini, nikizike ubavu ndani ya shimo, kule chini ambako waliotangulia kuchimba wanasema hapajapata kuyeyuka. Nikirudi mwaka wa pili nitakifukua."

Nikamchagulia chupa nzuri, ya maji ya hapa hapa, karatasi yake ya Kiarabu haijachubuka. Nikatia alama kwa wino kwenye usawa wa maji, nikakikaza kizibo, nikakizungushia utepe. Sitaficha, nilijiona mtu mkubwa. Darasa la nne sikulimaliza, na fundi wa ncha ya dunia ni mimi.

Akenda, akaizika, akarudi. Mwaka wa pili akenda tena. Safari hii hakupiga simu. Alituma picha, mjukuu akaichapisha kwenye karatasi akaniletea kitini kwangu pale mlangoni, mke wangu akiwa ananimiminia kahawa.

Picha inaonyesha mkono wenye glovu nene, mabonge meusi ya udongo ulioganda, na chupa. Karatasi ya Kiarabu inasomeka. Alama yangu ya wino ipo. Niliigeuza picha huku na huku, nikadhani labda ameishika vibaya. Hakuishika vibaya. Barafu imelala ubavuni, ndefu, kutoka kitakoni mpaka shingoni.

Mtu angesimama juu ya ule udongo akaukanyaga kwa buti, angeapa haujapata kuyeyuka. Mgumu kama jiwe.

"Anasemaje?" mke wangu akauliza.

"Hajasema kitu. Ni picha ya chupa."

"Chupa ina nini?"

"Imeyeyuka ikaganda tena."

Akasimama na birika mkononi. Amekaa na mimi miaka mingi juu ya stoo ile, hakuna asichokijua.

"Wapi?"

"Kule," nikasema.

Aliweka birika chini, akapanda ngazi polepole, na kutoka pale kitini nikamsikia jikoni akiusukuma mlango wa friji, ambao ulikuwa umefungwa, akausukuma tena.